"Hawa sio wao": kisa cha rekodi pleya ya Marekani iliyofika Kibosho

"Hawa sio wao." Mzee alinijibu hivyo tu nilipomuuliza rekodi pleya yake ina tatizo gani, akanyamaza, akageukia dirishani kule kwenye mgomba. Mi nikafungua begi la vifaa nikaanza kazi. Nilikosea hapohapo, na ndo maana naandika kisa hiki kirefu, maana lile jibu lilikuwa limebeba tatizo zima, na kabla yangu walishapita mafundi wawili na mjukuu wake, wote wakaambiwa maneno yaleyale matatu na wote wakafanya kama mimi, wakaenda moja kwa moja kwenye vyombo.

Nieleze kwanza vyombo vyenyewe. Mzee ana santuri kama sitini hivi, nusu ni zile ndogo za spidi 45, dansi la hapa kwetu na la Kongo la miaka ya 70, zile ambazo wimbo mmoja umekatwa katikati, upande huu sehemu ya kwanza, ukigeuza ndo unapata sehemu ya pili ambako magita yanachanganya. Zilizobaki ni LP, zile kubwa za spidi 33, na kwaya chache. Pleya yake ya kwanza aliinunua enzi anafanya kazi ushirika wa kahawa, ikaja kufa miaka kama kumi na tano iliyopita, panya walikula waya na mota ikaungua, akakosa spea akaiweka stoo. Santuri zikabaki kabatini, zimesimama wima zote, hakuna hata moja iliyolaliwa na mwenzake, na hapo nampa mzee heshima yake maana nimeona makusanyo ya watu wenye hela nyingi yamepinda yote kama chapati kwa kulaliana.

Binti yake anaishi Marekani. Mwaka juzi akaja likizo na rekodi pleya ndani ya sanduku la nguo, mtumba lakini mashine nzuri kweli, ya mkanda, yaani mota inazungusha kwa mkanda, sinia zito la kulazia santuri, mkono mwepesi usio na mchezo kwenye beringi. Akaleta na transfoma ya kushusha umeme kwa sababu kule volti ni 120 na huku ni 230, tena akaleta na mkeka wa mistari wa kupimia spidi, ule unaouweka juu ya sinia ukauangalia chini ya taa. Yaani dada alifikiria vitu ambavyo wengi wetu hatufikirii.

Siku ya kwanza mzee akaweka santuri anayoipenda kuliko zote, akasikiliza kidogo, akauliza huyu anayeimba ni nani. Akaambiwa ni yuleyule baba, soma hapo kwenye lebo. Akasikiliza upande mzima kwa adabu, akainuka akaenda nje. Tangu hapo hakuigusa tena. Binti akipiga simu akiulizia pleya anajibiwa iko salama mama, inafanya kazi vizuri, maana hataki kumuumiza mtoto aliyebeba mzigo mzito namna ile kwenye ndege.

Mke wa mzee, Bibi kama tunavyomwita wote, ndo hakukubali. Akaita fundi kutoka mjini Moshi. Fundi akasikiliza, akasema besi imezidi na sauti imelala, amplifaya imezeeka. Ikanunuliwa nyingine, laki nane na nusu. Besi ikawa nzito zaidi, na mzee bado akasema hawa sio wao. Akaja wa pili, huyu akasema sindano nyepesi ndo maana nyimbo zinakosa uhai, akabandika sarafu ya shilingi 50 kwa selotepu juu ya kichwa cha mkono ili ikandamize. Jamani, hili naomba mtu yeyote anayesoma hapa asilifanye kamwe, sindano inasoma kuta za mfereji wa plastiki, ukiongeza uzito hovyo unakwangua huo mfereji na kilichokwanguka hakirudi, ile santuri umeshaikata milele. Nashukuru mzee hakuwa anapiga, kwa hiyo zilizopitiwa na ile sarafu zilikuwa mbili tatu tu.

Wa tatu alikuwa mjukuu, kijana anasoma chuo Arusha, anajua sana mambo ya sauti, na ndo pekee aliyeikaribia. Alifikiria spidi. Akauweka ule mkeka wa binti wa Marekani juu ya sinia, akawasha taa, akaangalia mistari, mistari ikasimama tuli kabisa, haitembei mbele haitembei nyuma. Kwa anayejua mkeka ule hiyo maana yake spidi ni sahihi. Akautafuta wimbo mmoja mtandaoni kwenye simu akakuta unaenda haraka zaidi na uko juu zaidi, lakini kwa kuwa mistari ilishamwambia pleya iko sawa akaamua walioupandisha mtandaoni ndo wameuharakisha. Na hilo nalo hutokea kweli, watu wanapandisha nyimbo za zamani zimehamishwa kwa mashine mbovu kila siku, kwa hiyo simlaumu hata kidogo.

Huyo mjukuu ndo akanipigia mimi. Mi nakaa Sakina, Arusha, sio fundi wa kufungua duka, ni mtu wa kupenda muziki ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikijitengenezea vyombo vyangu na vya marafiki. Nikapanda Coaster asubuhi Jumamosi, ilikuwa Juni, Moshi nikashuka stendi nikachukua gari la Kibosho, baridi ile ya juu inaingia hadi kwenye mifupa. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, chai, ndizi, habari za Arusha, alafu nikauliza lile swali na nikapata lile jibu.

Saa nzima ya kwanza nilifanya yale yale. Kulikuwa na mngurumo kwenye spika, nikakuta transfoma imewekwa ubavuni mwa pleya karibu kabisa na katriji, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, nikaisogeza mita moja na zaidi, mngurumo ukaisha. Nikabandua sarafu. Nikapima uzito wa sindano nikauweka gramu 1.8 kama katriji ile inavyotaka. Nikaangalia ncha kwa lenzi, iko salama. Nikabadili mkanda kwa sababu nilikuja nao mpya. Nikaweka santuri, nikasikiliza, nikaridhika aisee. Sauti nene, tamu, besi inajaza chumba. Mi huo wimbo nilikuwa siujui, ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia maishani, na hapa pana jambo kubwa ambalo sikulijali, kwamba mimi nilikuwa nasikiliza vyombo na mzee alikuwa anawasikiliza watu. Nikamgeukia, mzee akatikisa kichwa tu.

Sasa kilichotuokoa ni Bibi. Bibi alifundisha kwaya parokiani miaka na miaka, anazo do-re-mi kichwani, na wakati wimbo umeisha nimeinua mkono wa pleya nyumba iko kimya, yeye yuko jikoni anaosha vyombo, akaendelea kuuimba mwenyewe kwa kuguna, bila maneno. Nikasikia kitu. Alikuwa juu. Juu kwa mbali, na alikuwa anaenda haraka kuliko nilichotoka kusikia dakika hiyohiyo. Nikarudisha sindano, pleya ikapiga, nikainua, nikamwomba Bibi tafadhali endelea, akaendelea, palepale juu. Akasema, "Mi naimba ulivyo. Hiyo mashine yenu ndo inaburuza."

Nikatoa simu, nina programu ya kutyunia gita. Bibi anamalizia kwenye noti ya C, karibu sana. Pleya inamalizia kwenye A, tena A iliyoshuka kidogo. Hiyo ni nusu toni tatu na kachenji. Mtu mwingine angesema bibi wa miaka sabini na kitu ataukumbukaje wimbo kwenye kii yake wakati hajausikia miaka kumi na tano, lakini kichwa cha binadamu kinafanya hivyo kweli. Mwaka 1994 mtafiti mmoja anaitwa Daniel Levitin alichapisha jaribio alilofanya na watu wa kawaida kabisa, akawaomba waimbe kwa kumbukumbu tu nyimbo maarufu wanazozipenda, na wengi wakatua kwenye sauti ya rekodi yenyewe au pembeni yake kidogo. Wimbo uliousikia mara mia kwenye rekodi ileile unakaa kichwani na kii yake na mwendo wake. Kwa Bibi na mzee huo wimbo ulikaa hivyo tangu ujana.

Kwa hiyo spidi iko chini. Lakini mistari imesimama! Nikauweka mkeka mwenyewe nikaona kwa macho yangu. Taa za sebuleni ni LED, hizo nyingi hazipepesi vizuri kwa kazi hii, mjukuu alishalijua hilo akawa ameenda kuchomoa globu ya kizamani kwenye banda la vifaranga, ile ya kuwapa joto, kwa hiyo taa yetu ilikuwa sahihi kabisa. Mistari tuli. Hapo nikakaa chini kwenye kiti nikaacha kugusa vitu.

Nikamwambia mjukuu tuachane na mkeka, tuhesabu. Hii njia ni ya kienyeji kabisa na haina uongo, unabandika kipande cha karatasi pembeni ya sinia, unawasha saa ya simu, unahesabu karatasi imepita mara ngapi. LP inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo kwa dakika tatu lazima upate mizunguko 100 kamili, ndo uzuri wa hiyo namba. Yeye akahesabu, mi nikahesabu, Bibi naye akaja na taulo mkononi akahesabu. Tukapata 83. Tukarudia, 83.

100 kwa 83. Nilipoiona hiyo namba nikashika kichwa, maana 60 kwa 50 ni uwiano uleule.

Hapa nitulie nieleze maana ndo kiini chenyewe. Umeme wa ukutani haukai mahali pamoja, unakwenda na kurudi, huku kwetu mara 50 kwa sekunde na Marekani mara 60, ndo hizo hezi 50 na hezi 60 mnazoziona kwenye vibandiko nyuma ya vyombo. Transfoma inashusha volti tu. Hezi haizigusi, zikiingia 50 zinatoka 50. Kwa redio, taa, chaji ya simu, hiyo tofauti haina shida yoyote. Lakini pleya nyingi za zamani za mkanda zina mota ya aina ambayo haifuati volti, inafuata hezi, inahesabu mapigo ya umeme kama askari anavyofuata ngoma. Hii ya mzee kwa hezi 60 inazunguka mara 300 kwa dakika, kwa hezi 50 inazunguka 250. Ukiipa umeme wa Kibosho haitalalamika, haitatoa moshi, itazunguka laini kabisa bila kuyumba, ila polepole, sehemu tano kati ya sita za spidi yake. Na ulaini huo ndo unaodanganya masikio, kwa sababu mtu akisikia kasoro ya spidi anategemea sauti inayopepea na kulia kama kanda iliyokwama. Hii haipepei, imeshuka yote kwa pamoja na kukaa hapo.

Sasa fikiria inafanya nini kwa muziki. LP ambayo upande wake ni dakika 20 inachukua 24. Dansi lenye mapigo 120 kwa dakika linakuwa 100, na tofauti hiyo mguu wako unaijua, ni tofauti ya kuinuka na kubaki umekaa. Trampeti inakuwa kama trombone. Mwimbaji kijana mwenye sauti ya juu nyororo anakuwa jitu la miaka hamsini lenye kifua kipana, na sio kwamba ameimba kii ya chini tu, umbo lenyewe la sauti yake limebadilika, koo limekuwa refu, mdomo umekuwa mkubwa, ndo maana hata usipojua kitu unajua tu kwamba huyu sio yeye. Besi gita, waya wake mnene kabisa unalia hezi 41 na kidogo, hapa ulikuwa unalia 34, spika nyingi za nyumbani huko chini haziwezi kusema vizuri, zinavimba na kunguruma. Hiyo ndo "besi imezidi" ya fundi wa kwanza, ndo "sauti imelala" yake. Alisikia kweli. Alichokosea ni kuitafutia dawa dukani kabla hajajiuliza kwa nini.

Na mkeka je? Hapa pana mtego ambao ningependa kila mwenye pleya aujue. Taa ya umeme wa hezi 50 inapepesa mara 100 kwa sekunde, mara 6,000 kwa dakika, jicho halioni lakini mistari inaona. Mkeka wa huku kwetu una mistari 180, ukizunguka spidi sahihi inapita mistari 6,000 kwa dakika, kila taa inapopepesa mstari mwingine umeshakaa mahali pa mwenzake, unaona imesimama. Mkeka wa Marekani una mistari 216 kwa sababu taa zao zinapepesa mara 7,200. Sasa chukua mkeka wa mistari 216, uweke kwenye pleya inayozunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za spidi yake, chini ya taa ya Kibosho. Zidisha. Unapata 6,000 kamili. Mistari inasimama! Mota na taa vyote vinakunywa kwenye kisima kimoja, vimechelewa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo vinashuhudiana. Mjukuu alifanya kipimo sahihi kwa mikono sahihi na kikamletea jibu la uongo, na kwa jibu hilo akaacha kuamini wimbo wa mtandaoni, akaacha kumwamini na babu yake. Mi mwenyewe nilikuwa niko njiani kufanya vivyo hivyo, ni ile sauti ya jikoni iliyonizuia.

Sikutaka kukata chuma chochote kabla ya uthibitisho. Jirani ana inveta ya sola, nzuri, ya wimbi safi, na inveta nyingi za namna hiyo ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuchagua hezi 50 au 60. Tukamwomba, akaja nayo na betri yake juu ya toroli, tukaiweka 60, tukapitisha kwenye transfoma, tukaunganisha pleya peke yake. Karatasi, saa, dakika tatu. 100.

Tukaweka ile santuri ya mzee. Yeye alikuwa bado yuko dirishani. Gita la solo likaingia, dogo, kali, linang'aa kama bati jipya, ridhim ikajibu pembeni, na mwimbaji akafungua mdomo na alikuwa kijana. Mzee akageuka. Hakusema kitu, akaja akakaa kwenye kiti kilichokaribu na spika, akaweka viganja kwenye magoti. Bibi akaja akasimama mlangoni akaanza kuguna, na safari hii yeye na santuri wakawa kitu kimoja. Mi ndo nikausikia ule wimbo kwa mara ya kwanza, maana asubuhi sikuusikia. Kuna mahali sehemu ya pili gita la pili linaingia kwa kuchelewa kidogo sana nyuma ya ngoma, kwa makusudi, linaivuta nyimbo yote nyuma kama mtu anayemshika mwenzake mkono asiondoke, na kwa spidi ya asubuhi hicho kitu kilikuwa hakipo, kilikuwa kimezama kwenye ule uzito. Ulipoisha mzee akasema rudia. Tukarudia mara nne.

Dawa ya kudumu ilikuwa njia tatu. Kuacha inveta na betri sebuleni, mzee akakataa na ana haki, hiyo ni sebule sio kituo cha umeme. Kuagiza kifaa cha kielektroniki kinachotengeneza hezi zake chenyewe kwa ajili ya mota, vipo na ni vizuri sana, bei yake inazidi bei ya pleya. Ya tatu ni puli, lile gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda. Kama mota inazunguka polepole, iwekee puli nene zaidi, moja nukta mbili ya ile ya zamani, sinia litarudi spidi yake. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyohivyo enzi zile, pleya moja, puli ya nchi za hezi 50 na puli ya nchi za hezi 60.

Nikachomoa puli nikaja nayo Arusha, nikaenda mtaa wa Unga Limited kwa fundi wa kuchonga vyuma, mtu mmoja makini sana. Puli ina vidaraja viwili, cha spidi 33 na cha 45. Tukapima kwa kalipa, kidaraja cha spidi 33 kipenyo chake milimita 17.2. Nikazidisha, 20.64, nikampa. Akaniuliza mkanda unene wake ngapi, nikamjibu unahusu nini, akaniangalia akaendelea na kazi. Alichonga kwa shaba, akaacha kamgongo katikati kama ya zamani ilivyokuwa, maana mkanda hupanda sehemu iliyo juu zaidi, puli ikiwa bapa mkanda unatangatanga na kudondoka. Akanitoza elfu thelathini na tano.

Nikapanda tena Kibosho Jumamosi iliyofuata, safari hii na mkeka wa mistari 180 niliouchapisha mwenyewe kwenye karatasi ngumu. Mistari ikatembea, polepole inarudi nyuma. Nikahesabu dakika nzima, mistari 33 hivi. 33 kwa 6,000 ni nusu ya asilimia na kidogo, spidi bado iko chini. Ndo nikalielewa swali la yule fundi. Mkanda una unene, milimita 0.6, na ukipinda juu ya puli ule upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa, kinachoamua spidi ni katikati ya unene wake. Kwa hiyo puli inafanya kazi kama ina 17.8, hiyo ndo ya kuzidisha, unapata 21.36, unatoa 0.6 tena, 20.76. Tofauti ni milimita 0.12, kama unene wa karatasi. Nikarudi Unga Limited, nikamwomba radhi, akachonga nyingine na hakuongeza hela. Safari hiyo tukakokotoa na kidaraja cha 45 kwa njia hiyohiyo, maana nusu ya santuri za mzee ni hizo ndogo na zilikuwa zinazunguka 37 na nusu.

Kuna jambo jingine nililirekebisha ambalo wengi hulisahau. Mota iliyotengenezwa kwa volti 120 hezi 60 ukiipa 120 hezi 50 inakula umeme zaidi ya inavyotakiwa, inapata moto na inatetemeka, na ule mtetemo unapanda hadi kwenye sindano. Volti nazo zinatakiwa zishuke kwa uwiano uleule, yaani 100. Transfoma ya dada ilikuwa na tundu la 100 nyuma, tukahamishia hapo. Mota ikawa vuguvugu tu, na ukiweka sikio karibu na spika kati ya wimbo na wimbo unasikia utulivu ambao haukuwepo.

Kwa wanaoletewa pleya na ndugu zao walioko Marekani, geuza mashine usome kibandiko. Kikisema 120V 60Hz na mota inachukua umeme wa ukutani moja kwa moja, utakutana na haya yote. Zile zenye mota ya kuendeshwa kwa kielektroniki hazina shida hiyo, Technics SL-1200MK2 ya 1979 kwa mfano spidi yake inashikwa na kristali iliyo ndani yake, wewe shughulikia volti basi. Na kwa wenye mota za kufuata hezi hata zikiwa za huku, umeme ukikatika ukawasha kajenereta kadogo ka nyumbani usipige santuri, kajenereta kakielemewa hezi zinashuka na bendi nzima inashuka nayo.

Lililobaki ni dogo. Bibi ana ule uma wa chuma wa kutafutia sauti ya kwaya, unaolia A ya hezi 440. Siku ya mwisho akaugonga akausikilizisha na santuri, akaniambia bado haviendani, santuri iko juu kidogo. Nikaweka mkeka, mistari imesimama kama imechorwa. Nikahesabu, 100 kwa dakika tatu. Tukaweka santuri nyingine, hiyo ikawa chini kidogo ya uma. Zile bendi zilityuni magita kwa kusikilizana wao kwa wao, siku ile, studio ile, labda kwa saksafoni iliyokuwepo, na hakuna puli ya kulirekebisha hilo. Nikamwambia mzee naweza kuipunguza kidogo akitaka, kwa kuinyoa puli iwe nyembamba kidogo. Akasema acha, ndivyo walivyokuwa, alafu akaniomba nimpe simu ampigie binti yake amsikilizishe.